Maneno Yanayofanana Masikioni: Niliyojifunza Nikifundisha Kiingereza Nyanda za Juu Kusini

Anayesafiri kwa barabara kuu ya TANZAM kutoka Iringa hadi Mbeya, akapita Mafinga, Makambako na Igawa mpaka akafika Uyole, anaweza kupata somo zima la Kiingereza kwa kusoma mabango ya pembeni. Duka la madaftari na kalamu limeandikwa "Stationary", yaani kisichosogea. Kwenye mashine ya kusaga panauzwa "Maize Flower", yaani ua la mahindi. Fundi wa malori anatangaza "Break Lining", na mbele kidogo kuna kiwanja chenye kibao cha "Plot for Sell". Wapo wanaosimamisha gari, wakapiga picha na kucheka. Mimi nimefundisha Kiingereza mjini Iringa kwa miaka mingi, mchana katika shule ya sekondari na jioni kwa watu wazima wenye kazi zao, na mabango hayo nayasoma kwa jicho jingine: kila moja linaeleza kwa usahihi njia ambayo neno lilipita hadi kumfikia mwandishi. Lilipita sikioni. Mwandishi alilisikia kwa mteja, kwa fundi mwenzake au redioni, kisha akaliandika kama alivyofundishwa kuandika tangu darasa la kwanza. Tena mabango matatu kati ya hayo yana tatizo la aina moja, na la nne lina tatizo la aina nyingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofundisha.

Tuanze na mazoea yetu wenyewe. Kiswahili sanifu kina irabu tano, na kila irabu ina herufi yake. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930 na kusanifisha tahajia kwa msingi wa Kiunguja, mtoto anayejua silabi zake anaweza kuandika neno ambalo hajawahi kuliona, mradi amelisikia vizuri. Maneno yanayofanana tunayo mengi: ua la bustanini, ua wa nyumba na kitenzi cha kuua, paa la nyumba, paa wa porini na ndege inayopaa, kaa la moto, kaa wa baharini na kukaa kitako. Lakini yakifanana kwa sauti, yanafanana pia kwa maandishi, na maana yake hutolewa na sentensi. Hakuna anayetuadhibu kwa kuchagua herufi isiyofaa, kwa sababu hakuna cha kuchagua. Homofoni za Kiingereza, yaani maneno yanayotamkwa sawa huku yakiandikwa tofauti na kubeba maana tofauti, zinamdai Mswahili kitu ambacho lugha yake haijawahi kumdai, nacho ni kuamua maana kabla hajaandika herufi.

Uzito wa dai hilo huonekana zaidi kidato cha kwanza. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo mojawapo. Akiingia sekondari, mwanafunzi hukutana na Kiingereza karibu katika kila daftari kwa mkupuo mmoja. Baiolojia inampa "cell" na masomo ya biashara yanampa "sell". Hisabati inampa "plane", Jiografia inampa "plain", na tambarare ya Usangu, ambayo ameipita kwa basi akienda likizo, inageuka daftarini kuwa umbo la hisabati. Mawe yenye dhahabu ya Chunya, ambayo kwa Kiingereza ni "gold ore", yanaandikwa "gold or", na msahihishaji anabaki akisubiri dhahabu au nini. Katika Historia ipo sentensi inayojirudia kila mwaka kama mazao: "during the rain of Mkwawa". Mwanafunzi anakusudia "reign", enzi ya utawala. Nakiri kwamba sentensi hiyo hunifurahisha, kwa sababu mtu anayejua kilichowapata askari wa Kijerumani pale Lugalo mwaka 1891, na jinsi Mkwawa alivyoendelea kupigana hadi kifo chake mwaka 1898, anaweza kuitafsiri mvua hiyo bila shida. Msahihishaji wa mtihani, hata hivyo, hana ruhusa ya kufurahi hivyo.

Nilianza kunakili makosa ya namna hii kutoka kwenye madaftari niliyosahihisha, kisha nikayachambua kama mkulima wa viazi wa Uyole anavyotenga vya mbegu na vya kuuza. Yakatoka mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la maneno ambayo hata Mwingereza wa London huyatamka sawa: "stationery" na "stationary", "flour" na "flower", "brake" na "break", "reign" na "rain", "weight" na "wait". Fungu la pili lilikuwa la maneno ambayo Mwingereza huyatofautisha waziwazi, lakini sikio lililolelewa na Kiswahili huyasikia kuwa neno moja: "sale" na "sell", "ship" na "sheep", "live" na "leave", "full" na "fool", "work" na "walk". Katika fungu hilo wamo ndugu wanne, "hat", "hut", "heart" na "hurt", ambao kwetu wote hutamkwa "hati", kana kwamba tunazungumzia hati ya kiwanja. Chanzo chake kinajulikana. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa kwenye kamusi kina sauti za irabu zipatazo 20, nasi tunazipokea kwa irabu tano. Lazima zibanane.

Katika madaftari niliyonakili, fungu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vya mazoezi vilivyoandikwa Uingereza kwa ajili ya watoto wa huko havitutoshi. Vitabu hivyo vinashughulikia fungu la kwanza peke yake, kwa sababu mtoto wa Kiingereza hana fungu la pili. Mwalimu wetu anayevifuata ukurasa kwa ukurasa anatibu sehemu ndogo ya ugonjwa. Tena dawa za mafungu haya hazibadilishiki. Ukimtamkia mwanafunzi "brake" na "break" kutwa nzima, hutampa kitu, kwa maana sikio halina tofauti ya kupokea. Tofauti ipo kwenye maana na kwenye herufi tu. Na ukimwandikisha "ship" na "sheep" mpaka daftari liishe, ataziandika vizuri siku hiyo, kisha wiki ijayo ataandika anachosikia, na anachosikia ni kimoja.

Kwa fungu la pili, msaada mkubwa niliupata kwenye lugha zetu za nyumbani, ambazo shuleni huwa tunaambiwa kwamba ndizo zinazoharibu matamshi. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, na Kinyakyusa kina irabu saba, si tano. Kati ya i na e ipo irabu ambayo Kiswahili hakina, na kati ya o na u ipo nyingine vilevile. Hiyo ya kwanza inakaribiana sana na irabu ya "ship", na ya pili inakaribiana na ya "full". Nilipowatamkia wanafunzi wa jioni "ship" na "sheep" kwa zamu, kijana mmoja wa Kyela alisema, "Mwalimu, hizo si sauti moja. Hiyo ya kwanza tunayo nyumbani." Hakuna aliyemfundisha kuisikia, alikuwa akiisikia tangu utotoni, ila darasani alizoea kuiweka kwenye i au e kwa kuwa Kiswahili hakina mahali pa kuiweka. Kwa Wahehe na Wabena nilishika njia nyingine. Lugha zao hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu, kwa hiyo sikio la mwanafunzi limekwisha kuzoea kupima urefu. Urefu peke yake hauwezi kutenganisha "live" na "leave", maana ulimi nao hukaa mahali tofauti, lakini unatosha kuanzia, na mwanafunzi anayeanza na kitu anachokijua hachoki mapema.

Kuna pia suala la l na r. Lugha kadhaa za nyanda hizi hazizitenganishi sauti hizo, na wapo watu wazima wenye heshima zao wanaosema kula wakikusudia kura, hasa nyakati za uchaguzi, jambo ambalo limewapa wachekeshaji wa nchi nzima riziki. Kiingereza kikiingia, mchanganyiko huo huzaa "rice" na "lice", "pray" na "play", "wrong" na "long". Hapa sikio halitoshi, ulimi hauna budi kufanyishwa mazoezi, na mazoezi hayo huyaanzia kwenye Kiswahili: kura na kula, mahari na mahali. Maana za maneno hayo mwanafunzi anazijua, kicheko kinakuwa cha wote, na akifika kwenye Kiingereza ulimi umekwisha kulainika. Siamini katika kumsimamisha mtu mzima peke yake mbele ya wenzake ili arudie "rice" mpaka apatie. Atapatia siku hiyo, na kesho hatakuja darasani.

Darasa la jioni lilinionyesha jambo ambalo la mchana lisingeweza kunionyesha, kwa sababu wanafunzi wake walikuja kila mmoja na haja yake. Walikuwamo vijana waliojiandaa kuongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyo magharibi mwa mji wa Iringa, na walikuwamo makarani wa maghala, mafundi na wenye maduka. Waongozaji walileta orodha ndefu ya maneno yaliyowatia hofu: "hare" na "hair", "herd" na "heard", "tail" na "tale", "mane" na "main", "prey" na "pray". Waliogopa kwamba mgeni atasikia simba anaenda kusali. Hofu hiyo haikuwa na msingi. Mtu akisema kwamba simba anavizia "prey" yake, hakuna mgeni atakayefikiria msikiti wala kanisa. Sentensi inatosha, na simba mwenyewe yupo pale. Homofoni halisi hazimdhuru msemaji, kwa kuwa wenye lugha huzitamka hivyohivyo kila siku na wanaelewana, kama sisi tunavyoelewana kuhusu paa.

Kilichowatatiza wageni kilikuwa fungu la pili. Mwongozaji aliyeelekeza kidole juu ya mbuyu na kusema "Look at that bad" alikusudia "bird", na watu wakatafuta ubaya wasiuone. Hilo ni dogo. Kubwa lilikuwa la tembo. Wakati wa kiangazi tembo hukaa kando ya Mto Ruaha Mkuu, mahali penye maji, na mwongozaji anayetaka kusema kwamba "elephants live near the river" huku akitamka "leave" anamwambia mgeni kwamba tembo wanaondoka. Sentensi zote mbili zina mantiki, mgeni hana njia ya kujua kwamba amesikia visivyo, na anarudi kwao na habari iliyo kinyume cha kweli. Makosa ya hatari zaidi katika lugha ya kigeni ni yale ambayo msikilizaji hayatambui kuwa ni makosa, nami nimeyapa muda mwingi kuliko yale yanayochekesha.

Kwa karani mambo ni kinyume. Karani wa ghala la mahindi Makambako huenda asiseme Kiingereza kutwa nzima, lakini hujaza hati, na kwenye hati hiyo "wait" badala ya "weight" ni doa linaloonekana kwa kila anayeipokea. Kompyuta haimwokoi sana. Programu ya kukagua tahajia huweka mstari mwekundu chini ya neno lisilokuwamo katika kamusi yake, na "wait" limo. Zipo programu mpya zinazopima pia sentensi nzima, nazo husaidia mara nyingine na kunyamaza mara nyingine. Kwa sababu hiyo kila mwanafunzi mpya wa jioni namuuliza kwanza kama Kiingereza chake kitapita zaidi kinywani au kalamuni. Wa kinywani humwanzishia fungu la pili, na wa kalamuni humwanzishia la kwanza. Mwalimu anayewapa wote orodha moja anawapotezea nusu ya muda wao.

Fungu la kwanza linahitaji sababu, kwani mtu mzima hakariri kwa furaha asichokielewa. Swali bora kabisa nililowahi kuulizwa darasani lilitoka kwa fundi wa breki za malori. "Mwalimu," alisema, "kama 'speak' inasomwa kwa sauti ya i, kwa nini 'break' isisomwe hivyo, ikaachana na hii 'brake' yangu?" Jibu lake linarudi nyuma mbali. William Caxton alipoanzisha mtambo wa kuchapa vitabu pale Westminster mwaka 1476, "sea" na "see" hazikuwa na sauti moja, wala "meat" na "meet". Mwandishi aliyetumia ea katika neno moja na ee katika jingine alikuwa akiandika alichosikia. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 irabu ndefu za Kiingereza zilihama, zikapanda kinywani hatua kwa hatua, lakini vitabu vilikuwa vimekwisha kuchapwa na macho ya wasomaji yamekwisha kuzoea. Sauti zikahama, herufi zikabaki. Sehemu kubwa ya maneno ya ea iliishia kwenye sauti moja na maneno ya ee, isipokuwa machache yaliyobaki njiani, na miongoni mwa hayo machache ni "great", "steak" na hilo "break" la fundi wetu.

Konsonanti nazo zilipungua. K ya "knight" ilitamkwa, na gh yake ilikuwa sauti ya kooni inayokaribia kh ya sabalkheri, hivyo shujaa wa farasi hakuweza kuchanganywa na usiku. W ya "write" ilitamkwa pia, hivyo kuandika hakukufanana na mkono wa kulia. Wanafunzi wangu huipokea habari hii kwa namna ambayo sikuitarajia: wanamwonea Mwingereza huruma. Wanagundua kwamba wale wa zamani walifuata kanuni ileile ya Kiswahili, ya kuandika kinachosikika, na kwamba tahajia ya leo ni matamshi ya mababu yaliyobaki kwenye karatasi. Baada ya hapo herufi isiyotamkwa huacha kuonekana kama mtego uliotegwa kwa ajili ya Waafrika.

"Flour" na "flower" zina historia tofauti na hiyo, nayo naipenda zaidi. Hazikuwa maneno mawili yaliyokutana, zilikuwa neno moja lililogawanyika. Neno hilo lilitoka katika Kifaransa, ambako ua ni "fleur", na unga mzuri uliochekechwa uliitwa ua la nafaka, yaani sehemu yake iliyo bora. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilikuwa bado haijayatenganisha. Kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga aliyeandika "Maize Flower" ana utetezi mzuri, isipokuwa amechelewa.

Na "stationery" je? Hilo nalo ni la ukoo mmoja na "stationary". Katika miji ya kale ya Ulaya wauzaji wengi wa vitu walikuwa wachuuzi wa kuzunguka, lakini muuza vitabu alikuwa na mahali pake pa kudumu, hasa karibu na vyuo vikuu, akaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya mwenye kituo. Vitu alivyouza vikapata jina kutoka kwake. Kwa wanafunzi wetu sihitaji Kilatini hicho chote, maana barabara zetu zina msaada wake: "bakery" huuza mikate, "butchery" huuza nyama, na "stationery" huuza karatasi, zote zikiishia na ery kwa kuwa zote ni biashara. Ile yenye ary haiuzi chochote.

Vishikizo vya namna hiyo vinafaa, lakini viwe vya kwetu. Vitabu vya Uingereza humwambia mtoto akumbuke "principal", yaani mkuu wa chuo, kwa kuwa ndani yake mna "pal", neno la mitaani lenye maana ya rafiki. Mwanafunzi wa Njombe hajui "pal", na hata akilijua, hajawahi kumwona mkuu wa chuo akiwa rafiki wa mtu. Vinavyoshika huku ni vingine. Ndani ya "weight" mna "eight", na mizani ni mambo ya namba. Ndani ya "meat" mna "eat", na nyama huliwa. Ndani ya "hear" mna "ear", yaani sikio. "There" imebeba "here", na zote ni za mahali pamoja na "where". Kuhusu "flour", mama mmoja mwenye duka ndiye aliyetuonyesha kwamba ndani yake mna "our", akasema basi huo ni unga wetu, na tangu jioni hiyo sijasikia mtu wa darasa lile akiukosea.

Ninasisitiza hata hivyo kwamba kishikizo hakiwezi kuponya kosa ambalo mwalimu mwenyewe amelipanda, na namna ya kulipanda ni kuandika jozi ubaoni. Mwalimu mwenye nia njema huchora mstari katikati ya ubao, akaandika "their" kushoto na "there" kulia, kisha akawaambia wanafunzi wasiyachanganye. Nimefuatilia madaftari ya wanafunzi ambao hadi siku hiyo waliandika "their father" bila wasiwasi, nikaona kwamba baada ya orodha kama hiyo wanaanza kusita, wanafuta, na mwisho wanaandika "there father". Maneno yaliyoingia kichwani kwa siku moja, kwa sauti moja na kwa mstari mmoja hufungamana, na kuyafungua ni kazi. Nami huanza na moja. Nalitumia kwenye sentensi, kwenye barua, kwenye hadithi, mpaka kalamu inaliandika bila kuuliza. La pili linakuja majuma kadhaa baadaye, tena likiwa na jamaa zake wengine, bila kutaja kwamba linafanana na lile la kwanza. Mwanafunzi akigundua mwenyewe kwamba yanafanana, anakuwa amekwisha kuwa na uwezo wa kuyatenganisha.

Imla ndiyo chombo ninachokitegemea, ingawa wapo wanaoiona ya kizamani. Sharti lake ni moja: isiwe ya neno moja moja. Kumsomea mwanafunzi "see" peke yake na kumdai aandike ni kumwonea, kwa sababu hata mwenye lugha hajui ni ipi. Nasoma sentensi nzima, tena ya mambo ya hapa, mara ya kwanza kwa kusikiliza tu na mara ya pili kwa kuandika: "We had to wait at the market because the weight of the maize was wrong." Au hii, ambayo waliitunga wao na wakaipenda kwa ugumu wake: "Their cows are too weak to walk there this week." Kazi haiishii kwenye kusahihisha. Kila mtu anaeleza kwa Kiswahili kwa nini ameandika alivyoandika, na mara nyingi maelezo hayo ni bora kuliko alama. Anayesema kwamba ameandika "weak" kwa sababu linaeleza hali ya ng'ombe, na "week" kwa sababu linahesabika, ameelewa sarufi ambayo kitabu kingemfafanulia kwa ukurasa mzima.

"Its" na "it's", "your" na "you're" sizipi muda mwingi. Anayeandika barua rasmi anashauriwa asitumie vifupisho hivyo hata kidogo. Aandike "it is" na "you are" kwa ukamilifu wake, na tatizo linaisha. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni tofauti ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa simu zetu huja na mipangilio ya Marekani huku hati zetu zikifuata Uingereza. Leseni ya dereva huku ni "licence", kwa c, na kitendo cha kutoa leseni ni "license", kwa s. Mmarekani hutumia s kwa vyote viwili. Hundi ya benki ni "cheque" kwetu na "check" kwao. Hata orodha ya homofoni yenyewe hubadilika kwa nchi: mtu wa London hutamka "sauce" na "source" sawa, lakini Wamarekani walio wengi hutamka r ya "source" na maneno hayo yakaachana. Waongozaji wa Ruaha, ambao asubuhi huwa na wageni wa nchi hii na jioni wa nchi ile, ndio waliokuwa wa kwanza kuliona hilo.

Siku hizi wanafunzi wa jioni wameleta fungu la tatu, la maneno yanayoandikwa sawa na kutamkwa tofauti. "Tear" ni chozi, na kwa matamshi mengine ni kuchana. "Wind" ni upepo, na kwa matamshi mengine ni kuzungusha. Gumu kuliko yote ni "read", kwa sababu liko katika fungu la kwanza na la tatu kwa pamoja: likiwa la wakati uliopo linafanana na tete la mtoni, "reed", na likiwa la wakati uliopita linafanana na rangi nyekundu, "red", huku herufi zake zikibaki vilevile. Karani mmoja aliuliza mtu atajuaje namna ya kulisoma kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nilimwambia kwamba mara nyingi hatajua, na kwamba Mwingereza naye husoma mbele kidogo kwa macho kabla ya kufungua kinywa. Kwa hiyo tumeanza mazoezi ya kusoma kwa sauti ambapo kila mtu hupitisha macho kwenye sentensi nzima kimya, akatafuta "yesterday" au "every day", ndipo akaisoma.